Haki ya Rufaa Uwanjani: Video, Sheria na Uhalali wa Maamuzi katika Soka

Ikisiri

Mjadala kuhusu waamuzi wa video (VAR) umetawaliwa na swali moja: je, kamera hupunguza makosa? Makala hii inaeleza kwamba swali hilo limekwisha kujibiwa, lakini jibu lake halikumaliza mgogoro. VAR iliongeza usahihi bila kuongeza uhalali, kwa sababu ilitumia chombo kimoja kwa maswali ya aina tofauti, na kwa sababu iliwanyima wahusika wakuu wa mchezo haki ya kuomba uamuzi upitiwe. Makala inatetea mfumo wa rufaa chache zinazokatwa na benchi la ufundi, unaoambatana na marekebisho ya sheria zenyewe. Inadai pia kwamba ligi za Afrika zina sababu ya kuongoza mageuzi hayo badala ya kuyasubiri.

Utangulizi

Tarehe 5 Aprili 2024, kwenye uwanja wa Loftus Versfeld jijini Pretoria, Stephane Aziz Ki wa Yanga alipiga shuti lililogonga mtambaa wa panya, likadunda chini na kurudi uwanjani. Ulikuwa mchezo wa marudiano wa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Mamelodi Sundowns, na ule wa kwanza jijini Dar es Salaam ulikuwa umekwisha kwa sare tasa. Wengi waliotazama picha za marudio waliamini kwamba mpira ulivuka mstari. Waamuzi wa video walikuwepo, lakini bao halikutolewa. Dakika 90 ziliisha bila bao, na Sundowns wakasonga mbele kwa penalti 3-2.

Ubishi uliofuata vijiweni na redioni ulihusu mpira tu: ulivuka au haukuvuka? Kuna maswali mawili mazito zaidi ambayo hayakuulizwa sana. La kwanza, kwa nini jambo ambalo soka ilikwisha kulipatia mashine mwaka 2012 liliachiwa watu wanaotazama skrini, wakitegemea pembe za kamera zilizowekwa kwa ajili ya televisheni? La pili, kwa nini Yanga, timu iliyokuwa na cha kupoteza, haikuwa na njia yoyote ndani ya sheria ya kumtaka mwamuzi wa kati aende kutazama tukio kwa macho yake?

Maswali hayo mawili ndiyo mhimili wa makala hii. La kwanza linahusu aina ya jambo linaloamuliwa, na la pili linahusu nani ana haki ya kuhoji uamuzi. Wanaotaka VAR ifutwe na wanaotaka iongezewe kamera wanakutana katika kosa moja: wote wanaichukulia kuwa ni suala la vifaa, ilhali ni suala la sheria.

Maswali ya aina tatu, chombo kimoja

Itifaki ya VAR iliyoingizwa katika sheria za soka Machi 2018 iliruhusu video itumike katika mambo manne: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji aliyeadhibiwa kwa kosa la mwenzake. Video huingilia pale tu panapokuwa na kosa lililo wazi au tukio zito ambalo mwamuzi hakuliona. Orodha hiyo imepangwa kwa uzito wa matokeo, haikupangwa kwa aina ya ushahidi. Ndani yake mna maswali ya aina tatu zisizofanana.

Aina ya kwanza ni maswali ya mahali. Mpira wote ama umevuka mstari wa goli ama haujavuka, na hakuna tafsiri kati ya hayo mawili. Tarehe 27 Juni 2010 jijini Bloemfontein, shuti la Frank Lampard dhidi ya Ujerumani lilivuka mstari mbele ya macho ya ulimwengu, ila mwamuzi Jorge Larrionda na wasaidizi wake hawakuliona. Uingereza ilifungwa 4-1, lakini FIFA, iliyokuwa imepinga teknolojia kwa miaka mingi, iligeuka. Julai 2012 teknolojia ya mstari wa goli iliidhinishwa, na mwaka 2014 ikatumika katika Kombe la Dunia nchini Brazil. Kwa swali la aina hii mashine ni bora kuliko binadamu, ingawa haijakamilika. Tarehe 17 Juni 2020 kipa wa Aston Villa, Ørjan Nyland, aliingia golini na mpira mikononi katika mchezo dhidi ya Sheffield United. Kamera zote saba zilizibwa na miili ya wachezaji, saa ya mwamuzi haikutoa ishara, na chumba cha VAR hakikuingilia kati. Mchezo uliisha 0-0. Mwisho wa msimu Villa walinusurika kushuka daraja kwa pointi moja.

Aina ya pili ni maswali ya kipimo, na mfano wake mkuu ni kuotea. Hapa pia tunaambiwa kwamba jibu ni moja, lakini tupige hesabu. Kamera ya picha 50 kwa sekunde huacha pengo la sehemu ya hamsini ya sekunde kati ya picha na picha. Mshambuliaji anayekimbia mita 9 kwa sekunde husogea sentimita 18 katika pengo hilo, huku beki naye akisogea upande wa pili. Isitoshe, mtu ndiye aliyekuwa akichagua picha inayoonyesha mpira ukiachana na mguu wa mtoa pasi. Kwa hiyo mistari iliyochorwa kwenye ncha ya kiatu ilitangaza usahihi ambao vifaa havikuwa nao. Ligi Kuu ya Uingereza ililikubali hilo kimyakimya iliponenepesha mistari yake msimu wa 2021/22 ili mashaka yamnufaishe mshambuliaji.

Katika Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 zilifungwa kamera 12 zilizofuatilia viungo 29 vya kila mchezaji mara 50 kwa sekunde, pamoja na kihisi ndani ya mpira kilichotuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Pengo limepungua sana. Hata hivyo, kipimo bora hakijibu swali la msingi: kwa nini ncha ya bega iadhibiwe? Sheria ya kuotea ilitungwa ili kumzuia mshambuliaji asivizie langoni. Vizazi vilivyotangulia viliibadilisha kwa kuangalia lengo hilo. Mwaka 1925 idadi ya wapinzani waliotakiwa kuwa kati ya mshambuliaji na mstari wa goli ilipunguzwa kutoka watatu hadi wawili, na mabao katika daraja la kwanza la Uingereza yakapanda kutoka 1,192 hadi 1,703 ndani ya msimu mmoja. Mwaka 1990 mshambuliaji aliye sambamba na beki aliondolewa hatiani. Kizazi chetu kimeacha sheria vilevile na kubadilisha rula. Pendekezo la Arsène Wenger, kwamba mshambuliaji asihesabiwe ameotea mpaka mwili wake wote umpite beki, linaweza kupingwa kwa hoja za kiufundi, lakini angalau linarudi kwenye swali la lengo.

Aina ya tatu ni maswali ya tafsiri: faulo, kunawa mpira, uzito wa rafu. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya 2018 mwamuzi Néstor Pitana alikwenda kwenye skrini kuutazama mkono wa Ivan Perišić, akaondoka, akarudi kutazama tena, kisha akawapa Ufaransa penalti. Kusita kwake ni ushahidi kwamba picha haikuwa na jibu ndani yake. Mkono uliguswa na mpira, hilo halikubishaniwa. Kilichobishaniwa ni maana ya mguso huo, na maana haiongezeki kwa kuongeza kamera. Zaidi ya hapo, tafiti za saikolojia zimeonyesha kwamba kitendo kinachotazamwa kwa mwendo wa polepole huonekana cha makusudi kuliko kilivyoonekana kwa mwendo wake halisi. Itifaki yenyewe inalitambua hilo, ndiyo maana inaelekeza mwendo wa polepole utumike kwa mambo ya mahali na mguso, na mwendo wa kawaida kwa uzito wa rafu. Mashindano hayo ya 2018 yalikuwa na penalti 29, ilhali rekodi ya awali ilikuwa 18. Sehemu ya ongezeko hilo ni makosa yaliyokuwa yakipita bila kuonwa. Sehemu nyingine ni miguso ambayo zamani hakuna ambaye angeiita kosa.

Sheria ya kunawa imelipa gharama ya mkanganyiko huu. Mwaka 2019 iliandikwa kwamba bao lolote linalotanguliwa na mguso wa mkono wa timu inayoshambulia lifutwe, hata mguso uwe wa bahati mbaya. Mwaka 2021 kipengele hicho kikalegezwa kwa mguso wa mchezaji mwenza. Marekebisho ya namna hii yanaandikwa ili kuiridhisha kamera. Yanatafuta kanuni inayoweza kusomwa kwenye picha iliyogandishwa, kisha yanashangaa pale kanuni hiyo inapogongana na hisia ya haki ya wachezaji na watazamaji.

Usahihi bila uhalali

Watetezi wa VAR wana takwimu, na takwimu hizo hazipaswi kupuuzwa. Tathmini iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji katika kipindi cha majaribio, ikihusisha michezo 804 katika mashirikisho zaidi ya 20, ilionyesha usahihi wa maamuzi katika yale mambo manne ukipanda kutoka takriban asilimia 93 hadi karibu asilimia 99. Kwa mizani hiyo VAR imefaulu.

Lakini katika maswali ya tafsiri, uamuzi sahihi hupimwa kwa maoni ya waamuzi wengine waliotazama picha zilezile. Kipimo hicho kinaonyesha kiasi cha kukubaliana kwa wataalamu. Hakionyeshi kama wale wanaobeba matokeo ya uamuzi wanaukubali, na huko ndiko VAR ilikopungukiwa. Norway ilishuhudia Julai 2024 mchezo wa Rosenborg na Lillestrøm ukivunjwa baada ya mashabiki kurusha keki za samaki uwanjani kuipinga VAR. Mwanzoni mwa 2025 klabu nyingi za ligi za juu za huko zilipiga kura ya kuiondoa, kabla ya mkutano mkuu wa shirikisho kuamua ibaki. Sweden iliikataa kabisa. Nchini Uingereza klabu ya Wolverhampton Wanderers ilipeleka hoja ya kuifuta Juni 2024, ikashindwa kwa kura 19 kwa 1, lakini waliopiga kura ya kuibakiza walifanya hivyo huku wakiorodhesha malalamiko yao.

Matukio mawili yanaeleza vizuri asili ya upungufu huu. La kwanza ni bao la Luis Díaz wa Liverpool dhidi ya Tottenham tarehe 30 Septemba 2023. Mwamuzi msaidizi alinyanyua kibendera, chumba cha video kikaona kwamba Díaz hakuwa ameotea, lakini kikadhani uamuzi wa uwanjani ulikuwa bao. Kikatangaza kuwa ukaguzi umekamilika. Mpira ukaanzishwa, na sekunde chache baadaye waliokuwa chumbani wakatambua kosa lao. Hawakurudi nyuma, kwa sababu sheria hairuhusu kubadilisha uamuzi wa namna hiyo mchezo ukishaanza upya. Tottenham walishinda 2-1. Kila mtu aliyekuwa na mamlaka alijua ukweli, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuutumia. Liverpool, waliodhulumiwa, hawakuwa na sauti yoyote katika mnyororo huo.

La pili ni la Afrika. Katika fainali ya marudiano ya Ligi ya Mabingwa tarehe 31 Mei 2019 huko Radès, Tunisia, Walid El Karti wa Wydad Casablanca aliisawazishia timu yake kwa kichwa dhidi ya Espérance, na bao likafutwa kwa madai ya kuotea. Wydad walidai tukio litazamwe kwenye video. Ndipo ilipodhihirika kwamba mitambo haifanyi kazi. Waligoma kuendelea, na baada ya kusubiri zaidi ya saa nzima mwamuzi Bakary Gassama akamaliza mchezo. Espérance walikabidhiwa kombe usiku uleule, CAF ikaamuru mchezo urudiwe, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikatengua amri hiyo, na mwishowe ushindi ukabaki kwa Espérance. Kisheria hitilafu ya VAR haibatilishi mchezo. Kwa maoni ya Wydad, timu iliyoahidiwa chombo cha haki kisha ikanyimwa ilikuwa imedhulumiwa kuliko timu ambayo haikuahidiwa kitu.

Mfumo wa VAR unamnyima mhusika nafasi ya kuuliza. Mchezaji anayechora umbo la televisheni hewani kwa kusisitiza huonyeshwa kadi ya njano. Kocha anayeingia katika eneo la skrini huadhibiwa. Ukaguzi unaanzishwa na watu wasioonekana, kwa vigezo ambavyo timu haiwezi kuvihoji, na unamalizika bila sababu kutolewa, isipokuwa katika baadhi ya mashindano ambako mwamuzi hutangaza uamuzi wake kwa kipaza sauti, kama ilivyokuwa katika Kombe la Dunia la Wanawake la 2023. Uamuzi wa aina hiyo unaweza kuwa sahihi na bado usiaminike.

Rufaa ni ya zamani kuliko mwamuzi

Historia ya soka ina jambo ambalo limesahaulika. Hadi mwaka 1891 mchezo ulisimamiwa na wasuluhishi wawili, kila timu ikiwa na wake, na mwamuzi alisimama nje ya mstari akisubiri kuulizwa pale wawili hao waliposhindwa kukubaliana. Kosa halikuadhibiwa mpaka wachezaji walalamike. Mwaka 1891 mwamuzi aliingizwa uwanjani, wasuluhishi wakawa washika vibendera, na katikati ya miaka ya 1890 mwamuzi akapewa mamlaka ya kuadhibu bila kusubiri lalamiko. Mabadiliko hayo yalikuwa na mantiki yake: mchezo ulikuwa umekuwa wa kasi na wa kulipwa, na malalamiko yalikuwa yakiukwamisha. Lakini pamoja na kelele, soka ilitupa pia haki ya kukata rufaa, na haijairudisha kwa zaidi ya karne.

Mwaka 2024 FIFA ilianza kuifufua haki hiyo pasipo kuiita hivyo. Mfumo wake wa usaidizi wa video, uliojaribiwa katika Kombe la Dunia la Wanawake la vijana wa chini ya miaka 20 nchini Colombia na la chini ya miaka 17 katika Jamhuri ya Dominika, hauna chumba cha waamuzi wa video. Kila timu ina nafasi mbili za kuomba tukio litazamwe. Kocha huzungusha kidole hewani na kumkabidhi mwamuzi wa akiba kadi ya maombi, kisha mwamuzi wa kati huenda kwenye skrini mwenyewe. Uamuzi ukibadilishwa, timu hubaki na nafasi yake. Usipobadilishwa, nafasi imepotea. FIFA iliubuni kwa ajili ya mashindano yenye kamera chache, ikiuona kuwa mbadala wa wasio na uwezo. Mimi nauona kuwa mfumo bora kwa wote, kwa sababu tatu.

Kwanza, unarudisha wajibu kwa mwenye dai. Anayeamini amedhulumiwa anauliza, na anauliza akijua gharama ya kuuliza bure. Pili, unatenganisha makosa makubwa na madogo bila kuhitaji mtu wa kufasiri maneno kama "kosa lililo wazi". Kocha mwenye nafasi mbili hatazipoteza kwa ukucha wa mshambuliaji. Atazitunza kwa mkono wa Thierry Henry uliowatoa Ireland Novemba 2009, au kwa bao kama la Aziz Ki. Tatu, unamrudishia mwamuzi wa kati mamlaka yake. Yeye ndiye aliyeona, yeye ndiye anayetazama tena, na yeye ndiye anayebeba lawama. Hakuna sauti ya sikioni ya kujificha nyuma yake.

Mfumo huu hauondoi mashine pale zinapofaa. Maswali ya mahali yaachiwe teknolojia ya mstari wa goli kila inapopatikana. Maswali ya kipimo yawekewe ukanda wa mashaka unaojulikana, na ndani ya ukanda huo uamuzi wa kibendera ubaki. Maswali ya tafsiri ndiyo hasa makao ya rufaa. Sambamba na hayo, sheria inayozuia kurudi nyuma mchezo ukishaanza ilegezwe kwa hali moja tu: pale waamuzi wenyewe, ndani ya muda mfupi uliowekwa, wanapotambua kwamba uamuzi uliotangazwa si ule waliokusudia. Kwa kipengele hicho bao la Díaz lingesimama.

Hoja za upinzani

Pingamizi la kwanza ni kwamba makocha watatumia rufaa kupoteza muda au kuvunja kasi ya mpinzani. Hatari hiyo ipo, lakini ina kikomo cha nafasi mbili, ilhali VAR haina kikomo cha idadi ya ukaguzi. Machi 2025, katika mchezo wa Kombe la FA kati ya Bournemouth na Wolves, ukaguzi mmoja ulichukua karibu dakika nane.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: timu iliyokwisha kutumia nafasi zake inaweza kudhulumiwa dakika ya 90 bila msaada. Ni kweli. Ila mfumo wowote wa haki huchagua mahali pa kukoma. Hata VAR ilikoma kwenye mambo yake manne, na haikumsaidia yeyote Januari 2022 kule Limbé, mwamuzi Janny Sikazwe alipopuliza kipenga cha mwisho cha mchezo wa Mali na Tunisia kabla ya dakika 90 kutimia. Kikomo kinachojulikana mapema na kinachotegemea uamuzi wa timu yenyewe ni rahisi kukubalika kuliko kikomo kinachowekwa na mtu asiyeonekana.

Pingamizi la tatu linahusu usawa. Klabu tajiri itaajiri mchambuzi wa kukaa na skrini pembeni mwa benchi, na ya kijijini itakata rufaa kwa kubahatisha. Dawa yake ni ya kikanuni: picha zilezile zipatikane kwa mabenchi yote mawili, au zisipatikane kwa lolote. Mwamba ngoma huvutia kwake, na rufaa haitabadilisha hulka hiyo. Itaiwekea utaratibu tu.

Nani anatunga sheria?

Sheria za soka hutungwa na Bodi ya Kimataifa ya Vyama vya Soka, IFAB, iliyoanzishwa mwaka 1886 na vyama vinne vya visiwa vya Uingereza. FIFA ilijiunga mwaka 1913. Leo England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina kura moja kila moja, FIFA ina kura nne kwa niaba ya wanachama wake 211, na badiliko lolote linahitaji kura sita kati ya nane. Vyama 54 vya CAF havina kura hata moja ya moja kwa moja. Muundo huu umesaidia kuilinda soka dhidi ya mabadiliko ya pupa, lakini umefanya pia matatizo ya ligi tajiri yawe ndiyo matatizo ya soka. Kunawa kulikoonwa kwa kamera nyingi za Manchester kumeandikiwa sheria inayotumika Mwanza, Kisumu na Bukavu, ambako michezo mingi haina kamera hata moja.

Hata hivyo, kutokuwa na kura si kutokuwa na ushawishi. IFAB huruhusu majaribio kwa maombi ya mashirikisho, na sheria nyingi za karibuni zilianza kama majaribio katika mashindano ya kando. Kenya, Tanzania na Uganda zimekabidhiwa uenyeji wa AFCON 2027, na maandalizi hayo yanahusisha mafunzo ya waamuzi na miundombinu ya matangazo. Ni fursa kwa mashirikisho ya ukanda huu kuomba kujaribu mfumo wa rufaa katika mashindano ya CECAFA na katika ligi zinazorushwa moja kwa moja, kisha kuchapisha matokeo yake: rufaa ngapi zilikatwa, ngapi zilifaulu, zilichukua muda gani, na malalamiko rasmi yalipungua au yaliongezeka.

Hitimisho

Makala hii haikudai kwamba video iondoke. Imedai kwamba video ni ushahidi, na ushahidi huhitaji utaratibu wa nani anaruhusiwa kuuitisha, kwa swali gani, na mbele ya nani. Soka ilinunua ushahidi kwanza na kuuacha utaratibu uundwe chumbani, mbali na uwanja. Marekebisho yanayohitajika ni ya kisheria kabla ya kuwa ya kiteknolojia: kurudisha sheria ya kuotea kwenye lengo lake, kuacha kuiandika sheria ya kunawa kwa ajili ya picha iliyogandishwa, kulegeza kwa kipimo kanuni ya kutorudi nyuma, na kuipa kila timu haki ya kukata rufaa. Ligi za Afrika Mashariki, ambazo hazijatumia fedha nyingi kujenga vyumba vya VAR, hazina mfumo wa kuubomoa kwanza. Zinaweza kuanza na haki hiyo, na kuipelekea IFAB takwimu ambazo ligi tajiri haziwezi kuzitoa.